"Kuwa na", "-enye" na "Kumiliki": Uhakiki wa Tafsiri za Neno "Have" kwa Mifano ya Huruma, Eldoret

Makala haya yanahusu neno la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi wa lugha hiyo hukutana nalo katika juma lake la kwanza, yaani "have". Yanahusu zaidi yale yanayolipata neno hilo linapoletwa katika Kiswahili na watafsiri, wakalimani na waandishi wa habari. Dai langu ni moja. Kiswahili hakikupungukiwa na kitenzi, kama inavyosemwa mara kwa mara. Kilichofanya ni kuyatenga mambo ambayo Kiingereza huyafunga katika furushi moja. Mtafsiri anayelitwaa furushi hilo zima akaliita "kumiliki" huyachanganya upya mambo yaliyokwisha kutengwa, na wako watu wanaoumia kwa mchanganyiko huo.

Mifano yangu mingi nimeitoa katika mtaa wa Huruma, Eldoret, ambao usichanganywe na Huruma ya Nairobi. Sikuuchagua kwa kuwa Kiswahili chake ni sanifu. La hasha. Nimeuchagua kwa sababu humo watu wa makabila mengi hupanga vyumba katika ua mmoja, na mazungumzo ya kila siku, kuanzia zamu ya bomba hadi kodi ya mwisho wa mwezi, ni mazungumzo ya nani ana nini. Isitoshe, mji wenyewe ulizaliwa katika hesabu za umiliki. Kabla ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912 ulijulikana kwa nambari 64, nambari ya shamba mojawapo la walowezi, na wenyeji wakaitamka nambari hiyo "Sisibo". Mji uliopata hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024 ulianza kama nambari katika daftari la mashamba.

Tuanze na tangazo. Katika lango la ploti moja ya Huruma niliwahi kusoma karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Kila mwenye chumba aonane na mwenye ploti kabla ya tarehe 5." Ploti, kwa matumizi ya miji ya Kenya, si kiwanja kitupu tu bali pia safu za vyumba zilizojengwa kuzunguka ua, zenye lango moja na choo cha shirika. Mwenye ploti ndiye aliyevijenga vyumba hivyo au kuvinunua. Mwenye chumba ni mpangaji, ambaye akikosa kulipa kodi miezi miwili mitatu huenda akakuta kufuli ngeni mlangoni pake. Shina ni lile lile, "-enye", lakini haki zilizomo ni mbili na zimeachana mbali. Hata hivyo sikumwona msomaji yeyote wa tangazo lile aliyebabaika. Hapana mpangaji aliyedhani kwamba siku hiyo amepandishwa cheo akawa mwenye mali.

Kwa nini hawakubabaika? Kwa sababu "-enye" haisemi ni nani aliyekinunua kitu. Husema ni nani anayekisimamia, au ni nani anayetambulikana kwacho, mahali pale na saa ile. Mwenyekiti hakununua kiti. Mwenye kovu, ambaye methali inatuonya tusidhani kapoa, hakulitafuta kovu lake. Ukigonga mlango wa chumba nambari 6 ukauliza "Mwenyewe yuko?", hutaletewa tajiri anayeishi mbali na mtaa, ataitwa kijana aliyekwenda bomba kuteka maji.

Tumchukue basi mpangaji huyo wa chumba nambari 6, tumpe sentensi nne:

(1) Nina chumba.
(2) Chumba ni changu.
(3) Mimi ndimi mwenye chumba.
(4) Namiliki chumba.

Sentensi ya (1) ni kweli maadamu analala humo. Lakini mlinzi wa ploti naye huisema anapoulizwa na mtu atafutaye makazi: "Nina chumba", akimaanisha kwamba kipo kitupu na aweza kukionyesha. Mwenye ploti huisema pia, na kwake chumba kimo katika hesabu ya mali. Watu watatu, sentensi moja, na hapana hata mmoja aliyesema uongo. Sentensi ya (2) ni kweli mbele ya jirani: hiki changu, hicho chako. Mbele ya mwenye ploti ni neno la kuomba kugombana. Ya (3) ni kweli kwa abishaye hodi, na si kweli kwa afisa wa ardhi. Ya (4), kinywani mwa mpangaji, si kweli kwa yeyote, popote, na nionavyo mimi hakuna mpangaji wa Huruma ambaye angeisema ila kwa mzaha. Kitenzi "have" hakina haja ya kuchagua kati ya hali hizi. Msikilizaji Mwingereza huachiwa kazi ya kupambanua mwenyewe.

Wanasarufi wa awali hawakukosea katika hili. Edward Steere katika kitabu chake cha 1870, na E. O. Ashton katika sarufi yake ya 1944, walieleza kwamba Mswahili husema "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu. Kosa liliingia baadaye, madarasani, maelezo hayo yalipofupishwa yakawa kwamba Kiswahili "hakina" kitenzi hiki, kana kwamba lugha imezaliwa bila kidole. Émile Benveniste, katika makala yake ya 1960 kuhusu vitenzi vya kuwa na vya kuwa na kitu, alionyesha kwamba lugha nyingi za dunia hazina kitenzi kama hicho, na kwamba kilicho cha nadra ni hicho kitenzi chenyewe. Mwarabu husema kitu kiko kwake. Mrumi alisema kitu kipo kwa ajili yake. Mrusi hukiweka kando yake. Nyumbani hapa, Mgikuyu husema "ndĩ na" na Mjaluo "an gi", na wote wawili maana yao ni kuwa pamoja na kitu. Mkalenjini peke yake, miongoni mwa majirani hao watatu, huja na kitenzi kamili, "atinyei". Wakikutana bombani wote husema "nina", wala sijaona tofauti hii ya asili ikiwatatiza.

Uenzi huu uliomo katika "na" umeenea kuliko tunavyokumbuka. Mahali nako huwa na vitu: Huruma kuna maduka, uani pana bomba, chumbani mna panya. Kiswahili hakikuona haja ya kumtenga mtu aliye na panya na chumba chenye panya. Wote wawili wamo pamoja na panya. Wapo pia wanaokiunganisha kiambishi cha wakati uliopo, "-na-", na neno hilo hilo, hata "anapika" ikawa kwamba mtu yu pamoja na kupika. Mimi naielekea rai hiyo, ingawa si hoja yangu leo.

Sasa tuitazame "kumiliki". Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uliotupa maliki, milki na mamlaka. (Mali si ndugu yao, ijapokuwa sikio hudanganya: mzizi wake ni mwingine.) Ukoo wa neno ni ukoo wa utawala. Anayemiliki hayuko tu pamoja na kitu. Anakitawala, na aweza kumzuia mwingine. Kwa hiyo watangazaji wa kandanda wanaosema kwamba timu fulani imemiliki mpira kipindi kizima wamelitumia neno vyema mno, pengine kuliko mawakili. Mpira si wao, ni wa wenye mashindano, na baada ya dakika 90 wataurudisha. Lakini kwa muda ule wameutawala na kuwanyima wenzao. Ila watangazaji hao hao hupotea wanapofika kwenye riadha, mchezo unaoujengea Eldoret jina, na kusema mwanariadha "anamiliki" rekodi. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Tarehe 11 Februari 2024 alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Eldoret. Siku iliyofuata, nani alikuwa akiimiliki rekodi ile? Marehemu hamiliki, wala hawi na kitu. Lakini rekodi ilibaki yake. Kihusishi cha "-a" kilivumilia pale vitenzi viliposhindwa, na ndivyo kinavyovumilia katika "shamba la marehemu babu", ambalo hati yake bado ina jina la babu na wajukuu wamekwisha kuligawa kwa miguu.

Kipimo chepesi kuliko vyote ni sentensi ambayo kila mwalimu amewahi kuisema: "Nina kitabu chako." Humo "na" na "-a" zimepatana bila ugomvi: kitabu kiko nami, na ni chako. Iandike "Namiliki kitabu chako" na umekwisha kumwibia mwenzio. Nimewahi kusahihisha insha ambamo familia "ilimiliki watoto watatu". Nilicheka, kisha nikajiuliza mwanafunzi yule ameisoma wapi Kiswahili hiki kama si katika magazeti yetu.

Lakini si insha wala magazeti yaliyonifanya niandike. Linalonisumbua ni mahakama.

Katika Kenya, lugha ya mahakama za chini kwa kesi za jinai ni Kiingereza au Kiswahili. Mashtaka huandikwa kwa Kiingereza, mshtakiwa husomewa kwa Kiswahili, na jibu lake mara nyingi hurudi katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Makosa kadha wa kadha, ya mali ya wizi, ya silaha, ya bangi, hujengwa juu ya neno "possession", ambalo ni mtoto wa kisheria wa "have". Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinalipanua neno hilo kwa upana wa kutisha. Mtu huhesabiwa kuwa nacho kitu si kwa kukishika tu, bali hata akijua kwamba mwingine anamshikia, au kikiwa mahali popote kwa manufaa yake au ya mtu mwingine, mahali hapo pawe pake au pasiwe pake. Umiliki haumo katika maelezo hayo. Sheria haiulizi kitu ni cha nani. Inauliza kilikuwa na nani, na kama alijua.

Tubuni mfano. Kijana wa chumba nambari 6 anaishi na mwenzake. Simu ya wizi inapatikana ndani ya begi chini ya kitanda. Mkalimani, aliyezoea Kiswahili cha magazeti, anamwambia: "Unashtakiwa kwa kumiliki simu ya wizi." Kijana anajibu kwa haraka na kwa moyo mweupe: "Sikuimiliki. Nilikuwa nayo tu. Ni ya mwenzangu." Kwa Kiswahili alichosikia, amekana kila kitu alichoulizwa, na akaongeza ukweli ili aaminike. Likiandikwa kwa Kiingereza, jibu lake limekana jambo ambalo sheria haikuuliza na kukiri lile iliyouliza. Alikwenda kujitetea akajifunga kwa ulimi wake, na ulimi wenyewe ulikuwa sahihi.

Haisaidii kusema kwamba mahakama zina kinga yake. Kinga ipo. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka na viungo vyake vyote vya lazima vielezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake, au lugha anayoifahamu, na maneno yake mwenyewe yaandikwe. Agizo hilo ni zuri, nalo linanukuliwa mpaka leo. Lakini kiungo cha lazima hakielezeki kwa kitenzi kisichokibeba. Mkalimani aliyesema "kumiliki" ametimiza utaratibu wote na bado hajakieleza kiungo.

Je, basi aseme "ulikuwa na simu"? Ni afadhali, lakini hapa nakubali kwamba jambo si jepesi kama nilivyodhani nilipoanza. "Kuwa na" haidai kujua. Waweza kuwa na kupe mgongoni siku nzima, mpaka mwenzio akuambie. Mtu aweza kukubali kwa haki kabisa kwamba alikuwa na simu, kwa kuwa ilikuwa chumbani mwake, pasipo kukubali kwamba alijua. Yaani "kumiliki" hudai zaidi ya inavyodai sheria, na "kuwa na" hudai pungufu. "Kupatikana na" ya Kenya, na "kukutwa na" ya Tanzania, zimekaa karibu zaidi na midomo ya watu, na zote mbili, yafaa tuone, zimeihifadhi ile "na". Ila husimulia tendo la polisi kuliko hali ya mshtakiwa, wala hazimfai mtu ambaye kitu kilipatikana kwake naye hayupo. Nionavyo, hapana njia ya mkato. Mkalimani aseme sentensi nzima: ulikuwa na simu hii, mkononi mwako au mahali ulipoiweka au ulipojua iko, nawe ulijua kwamba iko. Ni ndefu. Miezi gerezani ni mirefu zaidi.

Wenzangu kadhaa wamenipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema lugha ya sheria huhitaji istilahi, na istilahi huhitaji nomino. "Kumiliki" hutoa umiliki, milki, mmiliki, hatimiliki. "Kuwa na" haitoi kitu. Hapo wamegusa, nadhani, sababu halisi ya neno hili kuenea: si uvivu wa watafsiri bali utasa wa "kuwa na". Kitenzi kilicho rahisi kuliko vyote mdomoni hakizai nomino ya kuweka juu ya faili. Tumejaribu "walionacho na wasionacho", na umma umeyapokea, lakini hayo ni majina ya matabaka ya watu, si ya hali. Jibu langu ni kwamba hatimiliki ni neno zuri na libaki palepale lilipo, katika afisi ya ardhi, ambako mtu kweli amepewa mamlaka juu ya kiwanja. Kukosekana kwa nomino mahali pengine si ruhusa ya kuazima nomino yenye maana nyingine. Na kwa nini kila shtaka lianze na nomino? Mshtakiwa hakufanya nomino.

Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe imetofautisha. Ibara ya 40 inampa kila mtu haki ya kupata na kumiliki mali mahali popote nchini, na hapo "kumiliki" ndiyo tafsiri. Ibara ya 61 inasema jambo jingine: ardhi yote ni ya watu wa Kenya, kwa pamoja, wakiwa taifa, jamii na mtu mmoja mmoja. Kiingereza cha hapo si cha kumiliki bali cha kuwa mali ya, na Kiswahili kina "-a" inayotosha. Mtafsiri anayezisoma ibara hizi mbili kwa kitenzi kimoja amefuta mpaka ambao waandishi waliuweka makusudi.

Na kwa Eldoret mpaka huo si wa vitabuni. Katika ploti, mwenyeji ni yeyote aliyetangulia. Aliyehamia mwezi uliopita humwonyesha mgeni wa leo mahali pa kuanikia nguo, na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone hutimia kwa sukari ya kuazimwa. Kwa maelezo yaliyozoeleka, neno lenyewe ni mwenye mji. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, "-enye" hiyo iliondolewa mahali na saa, ikafungwa kwenye damu. Mwenyeji akawa wa kuzaliwa, na mgeni akawa mgeni milele. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, pembezoni mwa Eldoret, walichomwa moto humo ndani. Miongoni mwa waliofukuzwa katika Bonde la Ufa miezi ile walikuwamo wengi wenye hati za ardhi. Hapana aliyewabishia kwamba wanamiliki. Waliambiwa kwamba si wenyewe.

Hilo ndilo linalonifanya nisite ninaposikia kwamba tukisanifisha "kumiliki" tutakuwa tumemaliza. Mtu wa Huruma hupima kuwa kwake na mahali kwa maneno mengine kabisa. Humwambia rafiki "karibu kwangu", na kwangu ni chumba cha kupanga, hakina hati wala uzio. Ukimuuliza kwao hujibu jina la kijiji kilichoko mbali, ambako pengine hajalala tangu Krismasi ya mwaka juzi na hana hata mche wa mgomba. Kwangu na kwetu hazina nomino ndani yake; ni mahali tu na mtu, bila kitu. Sijui kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayoziweka chini ya "have", na sidhani zingetosha humo. Lakini mpangaji wa Huruma akifa, majirani wa ua mzima huchanga fedha za gari, na hakuna anayeuliza gari liende wapi. Huenda kwao.